Majibu ya dodoso na posti za mitandaoni: anza na mtu, kisha uende kwenye posti

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu katika sosholojia, hapa Mombasa. Ninajiandaa kuwahoji kwa dodoso vijana 1,200 wa umri wa miaka 18 hadi 34 katika kaunti za Mombasa, Nairobi na Kisumu kuhusu ushiriki wao katika siasa baada ya maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha. Mwenzangu mmoja amenipa faili lenye mamia ya maelfu ya posti za X (zamani Twitter) za kipindi hicho. Msimamizi wangu anasema vitu hivi viwili haviivi chungu kimoja. Je, naweza kuviunganisha, na kama naweza, nianzie wapi?

Jibu: Vinaunganishika, ndugu msomaji, ila si kwa njia ambayo swali lako linaelekea kuifikiria. Katika faili ulilopewa na katika dodoso unaloliandaa hakuna hata mtu mmoja ambaye unaweza kusema kwa uhakika kwamba yumo kotekote. Mwandishi wa posti anajulikana kwa jina la akaunti tu, na mara nyingi jina lenyewe ni la kubuni. Mhojiwa wako atajulikana kwa umri, jinsia, elimu, kazi na mtaa anaoishi, lakini hutajua aliandika nini usiku wa tarehe 24 Juni. Ukiviweka vitu hivyo katika sura mbili za tasnifu utakuwa umevilinganisha, na kulinganisha kuna faida yake, lakini hutakuwa umeviunganisha. Nadhani hilo ndilo msimamizi wako analoliona, na ana haki ya kukuonya. Ninapotofautiana naye ni pale anaposema kwamba haiwezekani kabisa. Inawezekana kwa sharti moja: uanze na watu, uwaombe wao wenyewe wakufikishe kwenye posti zao, badala ya kuanza na posti kisha ukabahatisha ni za akina nani.

Kwanza niseme kwa nini njia ya kulinganisha peke yake haitoshi, kwa kuwa ndiyo inayowavutia wengi. Mtafiti huhesabu posti za kila siku, akapima ngapi zinaunga mkono na ngapi zinapinga, halafu akaangalia kama mstari anaoupata unapanda na kushuka pamoja na mstari wa kura ya maoni. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walionyesha kwamba hisia zilizomo katika twiti zilizotaja ajira katika miaka ya 2008 na 2009 zilikwenda sambamba na vipimo vya imani ya Wamarekani katika uchumi wao, vipimo ambavyo hupatikana kwa kuwahoji watu kwa simu. Wengi walifurahi wakidhani dodoso limepata mbadala wa bei nafuu. Frederick Conrad wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walipourefusha muda wa uchunguzi, uhusiano ule uliyeyuka. Mwaka huohuo wa 2010 watafiti wengine walidai kwamba idadi ya twiti zilizotaja vyama sita vikubwa vya Ujerumani ilikaribiana na kura ambazo vyama hivyo vilipata katika uchaguzi wa 2009. Andreas Jungherr na wenzake wakawajibu kwa hoja moja nzito: kama hesabu ingekijumuisha pia Chama cha Maharamia, kilichopendwa sana na watu wa intaneti, basi chama hicho ndicho kingetangazwa mshindi. Katika masanduku ya kura kilipata asilimia 2.

Ninazitaja kesi hizi kwa sababu wingi wa posti humpa mtafiti ujasiri asiostahili kuwa nao. Mwanatakwimu Xiao-Li Meng wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha mwaka 2018, akitumia uchaguzi wa Marekani wa 2016, kwamba majibu ya watu wapatao milioni 2.3 waliojitokeza wenyewe yanaweza kuwa na thamani sawa na sampuli ya nasibu ya watu wapatao 400, iwapo kati ya kujitokeza kujibu na kumuunga mkono mgombea fulani upo uhusiano mdogo mno wa 0.005, kwa kipimo ambacho 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kwenda sambamba kikamilifu. Miaka mitatu baadaye hesabu hiyo ilidhihirika hadharani. Utafiti wa Marekani kuhusu chanjo ya UVIKO-19 uliowapata wahojiwa wake kupitia Facebook ulikuwa ukikusanya majibu yapatayo 250,000 kila wiki, na kufikia Mei 2021 ulikuwa umekadiria idadi ya waliochanjwa kwa pointi 17 za asilimia juu ya hali halisi. Jopo dogo la watu wapatao 1,000, lililoteuliwa kwa uangalifu, lilikuwa karibu zaidi na ukweli. Kwa hiyo usiiweke sampuli yako ya vijana 1,200 chini ya faili lile hata kidogo. Dodoso ndilo linalojua nani ameachwa nje, na faili halijui.

Tuliangalie faili lenyewe. Jambo la kwanza la kumuuliza mwenzako ni namna alivyolipata, kwa sababu X ilifunga mwaka 2023 mlango wa bure ambao watafiti waliutumia kuchukulia data, na tangu hapo posti za Juni 2024 hupatikana kwa kulipia au kwa njia ambazo kamati ya maadili huenda isizikubali. Pili, muulize alitafuta kwa maneno gani. Faili lililokusanywa kwa kufuata hashtagi moja ya kuukataa mswada litakuwa limejaa wanaoukataa, na hilo haliwezi kuitwa matokeo ya utafiti. Tatu, uliza ni akaunti ngapi tofauti zimo, na akaunti zinazoandika zaidi zimeandika sehemu gani ya posti zote. Taasisi ya Pew ilipowachunguza mwaka 2019 watu wazima 2,791 wa Marekani waliotumia Twitter, iligundua kwamba asilimia 10 ya watumiaji ndio walioandika asilimia 80 ya twiti zote, na mtumiaji wa kati, yaani aliye katikati wakipangwa wote kwa wingi wa twiti zao, aliandika mara mbili tu kwa mwezi. Sioni sababu ya kutarajia X ya Nairobi iwe na usawa kuliko hiyo. Tena Kenya ina historia ya hashtagi za kulipiwa: ripoti ya Taasisi ya Mozilla ya 2021 ilieleza jinsi watu walivyolipwa kusukuma hashtagi za kuwachafua majaji na wanaharakati waliokuwa wakiupinga mpango wa BBI wa kuibadilisha Katiba.

Kuhusu mahali posti zilikoandikwa, nakusihi usiitegemee safu ya eneo iliyomo katika faili. Posti zenye alama halisi ya mahali ni chache sana, na zilizobaki zinategemea alichojaza mtu katika wasifu wake, ambacho kinaweza kuwa mji aliozaliwa au maneno ya mzaha. Wakenya walioko Doha, London na Minneapolis waliandika kwa wingi kuhusu mswada ule, nao hawamo katika kaunti zako tatu. Katika nchi jirani tatizo ni kubwa zaidi: Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021 na X ilifungiwa Tanzania Mei 2025, na watumiaji wanaoingia kwa VPN huonekana kana kwamba wako Ulaya au Marekani. Kuna pia suala la muda. Tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia Bungeni, wafuatiliaji wa mtandao waliripoti kwamba intaneti ilidorora kote Kenya. Mchoro wako wa posti kwa saa unaweza kuonyesha bonde alasiri hiyo, na mtu asiyejua atalisoma bonde hilo kama hamasa iliyopungua, ilhali watu walikuwa barabarani na mtandao ulikuwa mbovu.

Sasa tuje kwenye kuunganisha kwa kweli, yaani kupata majibu ya dodoso na posti za mtu yuleyule kwa ridhaa yake. Waingereza wamelijaribu hili katika tafiti tatu kubwa za kitaifa, wakiwaomba wahojiwa wanaotumia Twitter waruhusu akaunti zao ziambatanishwe na majibu yao. Waliokubali walikuwa kati ya robo na zaidi kidogo ya theluthi, na waliohojiwa ana kwa ana walikubali kwa kiwango cha juu kuliko waliojijazia dodoso kwenye intaneti. Chukua viwango hivyo uvipitishe katika sampuli yako. Tuseme kati ya vijana 1,200 mmoja kati ya watano ana akaunti ya X. Hao ni 240. Theluthi yao wakikubali, unabaki na 80. Baadhi watakuwa wameandika jina la akaunti kimakosa, wengine akaunti zao zinaonekana na wafuasi wao tu, na wengine, ambao si wachache, husoma bila kuandika neno. Ukibakiwa na 50 wenye posti za kutosha kuchambuliwa utakuwa umefanya kazi nzuri, lakini ukiwagawa kwa kaunti tatu, kisha wanaume na wanawake, Kisumu itakuwa na vijana wa kike wasiozidi vidole vya mkono mmoja au miwili. Hakuna mbinu ya takwimu itakayokuokoa hapo.

Kwa hiyo panga mapema. Ningekushauri uwe na sampuli kuu kama ulivyokusudia, kisha uongeze sampuli ya nyongeza ya watumiaji wa mitandao peke yao, inayopatikana kwa maswali mawili matatu ya kuchuja mlangoni kabla ya mahojiano kamili. Sampuli kuu itakuambia watumiaji ni sehemu gani ya vijana wote na wanatofautianaje na wenzao. Sampuli ya nyongeza itakupa idadi inayotosha kuchambua posti. Uwezekano wa kila mtu kuteuliwa uandikwe tangu siku ya kwanza ili uweze kuzirudisha sampuli mbili katika uwiano wake kwa kutumia uzito wa takwimu, yaani kulihesabu kila jibu zaidi au pungufu kulingana na uwezekano huo. Na kabla ya kuamua ukubwa wa nyongeza hiyo, pitia data za Kenya za Afrobarometer, utafiti wa maoni unaofanywa katika nchi nyingi za Afrika, ambazo zinapatikana bure. Wahojiwa wake huhojiwa ana kwa ana na huulizwa ni mara ngapi wanapata habari kupitia mitandao ya kijamii, kwa hiyo unaweza kujua mapema, kwa umri, jinsia na makazi ya mjini au shamba, ni akina nani hawatakuwamo kabisa katika faili lolote la posti.

Swali la ridhaa ndilo linalobeba utafiti mzima, na ndilo ninaloliona likiandikwa vibaya kuliko mengine yote. Mara nyingi huwekwa mwishoni, mhojiwa akiwa amechoka na mdadisi anatazama saa, na huandikwa kwa mkato: "Je, unakubali tutumie data zako za mitandao?" Mtu mwenye akili timamu atakataa, kwa sababu hajaambiwa ni data zipi, za lini, wala zitakwenda wapi. Liweke mara tu baada ya maswali ya matumizi ya mitandao, wakati mazungumzo bado yako hapo. Mimi ningeliandika hivi:

"Umetuambia kwamba unatumia X. Tungependa, ukiridhia, kusoma posti ulizoandika hadharani kuanzia tarehe 1 Mei hadi tarehe 31 Julai 2024, na kuziweka pamoja na majibu uliyotupa leo. Hatutasoma ujumbe wako wa faragha wala orodha ya watu unaowafuata. Jina la akaunti yako litahifadhiwa mahali tofauti na majibu yako, na hakuna posti yako itakayonukuliwa neno kwa neno katika maandishi yetu. Unaweza kukataa na mahojiano yetu yataendelea kama kawaida. Ukikubali leo kisha ukabadili nia, tupigie kwa namba iliyo kwenye karatasi hii, nasi tutafuta kila tulichochukua. Je, unakubali?"

Angalia kwamba kila sentensi inajibu hofu fulani, na kwamba kipindi kimewekewa mwanzo na mwisho. Mtu anayejua kwamba unasoma miezi mitatu ya maneno aliyoyasema hadharani ana uwezo wa kupima anachokubali. Mtu aliyeombwa "data zake" hana. Akikubali, mdadisi asimwombe ataje jina la akaunti kwa mdomo ili yeye aliandike kwenye kishikwambi, maana herufi moja au mstari wa chini ukikosewa utaunganisha majibu yake na posti za mgeni kabisa. Afungue simu yake, amwonyeshe mdadisi wasifu wake, na jina lisomwe tena kabla ya kuhifadhiwa.

Kutenganisha akaunti ya mhojiwa na ya rafiki zake ni sharti ambalo watafiti wa kizazi hiki hawana budi kulishika kwa mikono miwili, na sababu yake inajulikana dunia nzima. Programu ya maswali ya nafsi iliyokuwa chanzo cha kashfa ya Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kampeni za kisiasa, ilikuwa, kwa umbo lake, dodoso lililounganishwa na data za Facebook. Waliojibu maswali walikuwa wapatao 270,000, lakini kwa sababu programu ilichukua na taarifa za marafiki zao, Facebook ilikadiria mwaka 2018 kwamba watu walioguswa walifika hadi milioni 87, ambao karibu wote hawakuulizwa chochote. Kampuni hiyohiyo ilihusishwa na kampeni za uchaguzi za Kenya za 2013 na 2017. Kijana wa Kisumu anayesita kukupa jina la akaunti yake ana sababu ya msingi ya kusita, nawe una wajibu wa kumweleza kinaga ubaga kazi yako inatofautiana wapi na ile.

Ikiwa gharama ya kuchukua posti kutoka X itakushinda, ipo njia ya pili ambayo binafsi naipenda zaidi: mhojiwa anapakua nakala ya data zake mwenyewe na kukuchangia sehemu anayotaka. Facebook, Instagram, TikTok na X zote zinamruhusu mtumiaji kuomba nakala hiyo, jambo lililoshika kasi tangu sheria ya Ulaya ya kulinda data ilipoanza kutumika Mei 2018, na sheria ya Kenya ya mwaka 2019 nayo inampa mtu haki ya kupokea data zake katika umbo linalohamishika. Watafiti wa Utrecht nchini Uholanzi wametengeneza programu inayoitwa Port, ambayo huichambua nakala kwenye kifaa cha mhojiwa mwenyewe, ikatoa yale tu ambayo utafiti unayahitaji, ikamwonyesha, naye akaamua kutuma au kutotuma. Ugumu wake ni wa kawaida kabisa. Nakala haiwi tayari papo hapo. Inaweza kuchukua saa kadhaa au siku, kwa hiyo mdadisi atalazimika kurudi au kumkaribisha mhojiwa mahali penye Wi-Fi. Faili linaweza kuwa kubwa, na si haki kumlazimisha kijana ale bando lake kwa ajili ya tasnifu yako. Weka gharama hiyo katika bajeti. Kwa WhatsApp uwe mwangalifu maradufu, kwa kuwa katika kundi la watu mia, aliyekupa ridhaa ni mmoja tu. Chukua idadi ya makundi, idadi ya ujumbe na saa zake, na maneno ya watu uyaache yalivyo.

Huenda ukauliza taabu yote hii ina faida gani, kama unaweza kumuuliza mhojiwa moja kwa moja alifanya nini mtandaoni. Faida ni kwamba kumbukumbu za watu kuhusu matumizi yao ni dhaifu kuliko tunavyodhani. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature Human Behaviour ulikuta kwamba muda ambao watu husema wanautumia kwenye vyombo vya kidijitali una uwiano wa 0.38 tu na muda uliorekodiwa na vifaa vyenyewe. Kwa upande mwingine, posti peke yake haikuambii umri wala imani ya aliyeandika. Andrew Guess, Jonathan Nagler na Joshua Tucker waliviunganisha viwili hivi baada ya uchaguzi wa Marekani wa 2016: waliwahoji watu kwa dodoso, wakawaomba walio na Facebook waruhusu wasifu wao usomwe, na karibu nusu wakakubali. Wakagundua kwamba zaidi ya asilimia 90 hawakusambaza hata kiungo kimoja cha habari za uongo, na kwamba wenye umri unaozidi miaka 65 walisambaza takriban mara saba ya vijana wa kundi la chini kabisa. Dodoso peke yake lisingepata matokeo hayo, kwa kuwa ni wachache wangekiri; faili la posti peke yake lisingeyapata pia, kwa kuwa haliulizi umri.

Katika kazi yako, swali linalonivutia kuliko yote ni la vijana walioandika bila kuandamana na walioandamana bila kuandika. Dodoso litakuambia nani alikwenda mjini tarehe 18, 20 au 25 Juni. Posti zitakuambia nani alikuwa akihamasisha. Ukiwa na vyote viwili kwa mtu mmoja, unapata makundi manne, na kundi la walioandamana bila kuacha alama yoyote mtandaoni ndilo ambalo uchambuzi wa hashtagi hauwezi kuliona kamwe. Ikiwa ni kubwa, masimulizi kwamba maandamano yale yalizaliwa X yatahitaji kuangaliwa upya. Sijui utakuta nini, lakini hilo ni swali linalostahili tasnifu.

Kuhusu kuyasoma maneno yenyewe, usiikabidhi mashine kazi hiyo kabla ya kuisoma wewe. Mswada ulipendekeza, kabla ya kipengele hicho kuondolewa, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye mkate. Chukua posti ya mfano: "Asante sana Zakayo, sasa mkate tutaula kwa macho." Programu inayohesabu maneno mazuri na mabaya itaona "asante sana" na kuiweka upande wa wanaounga mkono, na Zakayo italichukulia kama jina la mtu wa Biblia. Kijana yeyote wa Kenya anajua kwamba hilo lilikuwa jina la utani la Rais Ruto kwa sababu ya kodi. Ongeza juu yake Sheng inayobadilika kila msimu, Kiswahili cha Mombasa, Kijaluo kilichochanganywa na Kiingereza, na picha ambazo hazina maneno kabisa. Mkusanyo wa AfriSenti wa mwaka 2023, wenye twiti zaidi ya 110,000 katika lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwamo, ni msaada wa kweli wa kuifunza programu, lakini haukutengenezwa kwa ajili ya siasa za Juni 2024. Tafuta wasomaji wawili, mmoja wa Pwani na mmoja wa Nairobi kama inawezekana, wasome posti zilezile bila kuonyeshana, kisha upime wanakubaliana kwa kiwango gani. Wasipokubaliana wao, usitegemee mashine ikubaliane na yeyote.

Hapa ndipo kikundi chako kidogo cha walioridhia kinapopata thamani ambayo faili kubwa halina. Kwa kila mmoja wao unayo kauli yake ya dodoso kuhusu mswada, na unayo posti zake. Unaweza kuipima programu yako kwa kuilinganisha na alichosema mtu mwenyewe, badala ya kuilinganisha na maoni ya wasomaji peke yake. Ikikosea sana kwa watu unaowajua, hukumu yake juu ya mamia ya maelfu ya akaunti usizozijua haina msingi. Ikifanya vizuri, unaweza kuitumia kwenye faili la mwenzako, ukisema wazi kwamba unazungumzia posti na si vijana wa Kenya. Vilevile, kwa kuwa waliokataa kuunganishwa nao wamejibu dodoso, unaweza kujua wanatofautiana vipi na waliokubali, na kuwapa waliokubali uzito unaofidia tofauti hiyo, angalau kwa sifa ulizozipima.

Kwa upande wa sheria nitasema machache. Utahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya Kenya inayosimamia utafiti, na cha kamati ya maadili, na katika sheria ya Kenya ya kulinda data asili ya kikabila, dhamiri na imani ni taarifa nyeti. Msomaji aliyeko Tanzania ataongozwa na sheria ya kulinda data ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya huko. Lakini zaidi ya sheria kuna hatari yenyewe. Mwishoni mwa 2024 vijana kadhaa wa Kenya waliokuwa wakimkosoa Rais mitandaoni walitoweka, na baadhi yao wakaonekana tena Januari 2025. Jedwali lenye jina la akaunti, namba ya simu, mtaa na jibu la swali "ulishiriki maandamano?" ni kitu ambacho hakipaswi kuwapo kwenye kompyuta yoyote hata kwa dakika moja. Ufunguo unaounganisha namba ya mhojiwa na akaunti yake ukae kwenye kifaa kingine, umefungwa kwa nywila, mikononi mwa mtu mmoja. Usipohitajika tena, hata kwa kumfutia aliyebadili nia, ufutwe. Usinukuu posti neno kwa neno hata bila jina, kwa sababu maneno yakitafutwa humrudisha msomaji kwa mwandishi. Yaeleze kwa maneno yako. Na aliyefuta posti yake baadaye achukuliwe kuwa ameiondoa pia katika utafiti wako.

Kabla ya kuchapisha dodoso, lifanyie majaribio katika kata moja ya Mombasa, kwa vijana 60 wanaotumia mitandao, ukitumia matini mbili tofauti za ridhaa kwa nusu kwa nusu. Andika wangapi walikubali X, wangapi walikuwa radhi kupakua nakala ya TikTok au Facebook, wangapi walirudi siku ya pili, na waliokataa walisema nini, maana maneno ya wanaokataa yatakufundisha kurekebisha swali kuliko ushauri wangu. Matokeo hayo, pamoja na hesabu ya watakaobaki katika kila kaunti, yapeleke kwa msimamizi wako. Faili la mwenzako lisubiri hadi umepata majibu ya namna lilivyokusanywa.